Ufunguo wa Choo cha Uwanja Uko kwa Nani?

MAKALA MAALUMU

*Thika na Ruiru zina timu, zina viwanja na zina watoto tele. Swali ni kwa nini watatu hao hawakutani Jumapili alasiri.*

Mechi imeanza saa tisa. Mama ameketi kwenye ngazi ya saruji, mtoto wa miaka minne kando yake, mdogo wake amelala mgongoni ndani ya leso. Baba amekwenda kutafuta maji. Dakika ya 30 timu ya nyumbani inapata kona, mashabiki wanasimama wote kwa pamoja, na papo hapo yule wa miaka minne anavuta leso: anataka choo. Choo kikiwa karibu, kisafi, na mlango unafungika, mama ataenda na kurudi kabla ya mapumziko. Kikiwa kimetiwa kufuli na hakuna anayejua ufunguo uko kwa nani, familia itakusanya vitu vyake na kwenda zake, na Jumapili ijayo haitaonekana.

Familia hiyo ni ya mfano, lakini mzazi yeyote aliyewahi kutoka na watoto wadogo ataitambua. Dai la makala haya ni moja: kipimo cha kwanza cha uwanja wa mji mdogo ni muda ambao mtoto wa miaka minne anaweza kukaa ndani yake bila kumtesa aliyemleta. Akimaliza dakika 90, huo ni uwanja wa mji. Akishindwa kumaliza 30, ni kiwanja cha wachezaji 22 na marafiki zao, hata kama ukuta wake umejengwa kwa pesa za umma.

Kipimo hiki kinaonekana kidogo kwa sababu mjadala wa viwanja nchini umetekwa na ukubwa. Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa Kombe la Afrika la 2027, na macho yote yako Talanta jijini Nairobi, uwanja uliosanifiwa kwa mashabiki 60,000. Ndani ya Kaunti ya Kiambu yenyewe, iliko miji ya Thika na Ruiru, gumzo limekuwa uwanja wa Kirigiti, ambao ukarabati wake ulijikokota miaka nenda miaka rudi. Hakuna anayetarajia Kombe la Afrika lichezwe Thika wala Ruiru. Huko kuna ligi za madaraja ya chini, mechi za wanawake, mashindano ya vijana na fainali za shule. Na kwa kuwa mechi hizo hazina kamera za televisheni, ni rahisi kusahau kwamba ndizo mechi pekee ambazo familia ya kipato cha kawaida inaweza kuzifikia kwa miguu au kwa nauli ya matatu moja.

Mji uliopandwa kwa msongamano

Mkulima wa kahawa akitaja Ruiru 11 hazungumzii kikosi cha mpira. Hiyo ni aina ya mbuni iliyotolewa mwaka wa 1985 na watafiti wa kahawa wa Ruiru: mti mfupi, unaostahimili chulebuni na kutu ya majani, na unaokubali kubanana. Ekari iliyobeba mbuni za zamani iliweza kubeba karibu maradufu ya miti ya Ruiru 11. Leo sehemu kubwa ya mashamba ya kahawa kuzunguka mji huo imekatwa ploti, na waliopandwa kwa msongamano ni binadamu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ya 2019 ikakuta 490,120, idadi iliyoufanya kuwa mji wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika ilikuwa na 251,407. Barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa mwaka wa 2012 iliwapa wanaofanya kazi Nairobi sababu ya kulala Ruiru, na waliokuja kulala wakazaa na kulea hapo hapo.

Mtoto anayelelewa orofa ya nne ana sebule, ana ngazi, na ana paa lenye kamba za nguo ambako amekatazwa kupanda. Chini kuna maegesho na bodaboda. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka wa 2019 inasema mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku, 60 kati ya hizo ziwe za kutoka jasho, na asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja. Ukiweka dakika hizo kando ya ngazi na sebule, utaona kwamba lawama za kila siku kwa wazazi, eti wamewaachia watoto simu, zinamlenga mtu asiyefaa. Mzazi huyo amewapa watoto kilichopo. Mahali pa kukimbia hawezi kupajenga peke yake.

Hapa haki inabidi isemwe pande zote. Mtoto aliyebanwa kwenye kiti cha jukwaa kwa saa mbili hachangamshi mwili kuliko aliye mbele ya televisheni. Kumpeleka uwanjani kwenyewe hakutoshi. Faida inapatikana pale uwanja unapompa kona ya kukimbilia huku mzazi akiendelea kuiona mechi, na kona hiyo ni kitu cha kupangwa na kutengewa nafasi, kama linavyopangwa goli.

Ploti 15 zisizouzwa

Uwanja wa kandanda wa kiwango cha kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa 68, yaani mita za mraba 7,140. Ploti ya futi 50 kwa 100, ile inayotangazwa kwenye kila bango kati ya Ruiru na Thika, ni kama mita za mraba 465. Uwanja mmoja, basi, ni ploti 15 na ushei, bila kuhesabu majukwaa na maegesho. Dalali yeyote wa ardhi anaweza kuipiga hesabu hiyo akilini akiwa ndani ya matatu. Ndiyo maana ardhi ya michezo katika mji unaokua haiko salama kwa sababu tu hati yake inasema ni ya umma. Inakuwa salama ikiwa kuna watu wengi ambao siku yao itaharibika ikichukuliwa.

Ushahidi wa hilo uko Nairobi. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo na kukuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Waliusukuma ukuta, polisi wakawarushia vitoa machozi, picha zikazunguka dunia nzima, na ardhi ikarudishwa. Watoto wale hawakuwa na hati wala wakili. Walikuwa na mazoea: walicheza hapo kila siku, wakajua nini kimeondolewa. Uwanja wa mji unaojaa wanaume mia mbili mara moja kwa wiki na kukaa mtupu siku nyingine hauna watetezi wa aina hiyo. Ule ambao kila mtaa una mtoto aliyejifunza kukimbia kwenye nyasi zake unao, na watadumu kuliko diwani yeyote.

> *Uwanja mmoja ni sawa na ploti 15 za futi 50 kwa 100. Kila dalali anaijua hesabu hiyo. Je, wazazi nao wanaijua?*

Timu za viwanda, mashabiki wa nani?

Klabu nazo zina cha kupoteza. Thika ni mji wa viwanda na soka yake imefuata mkondo huo. Thika United iliwahi kufadhiliwa na kampuni ya maziwa ya Brookside, yenye makao Ruiru, ikacheza Ligi Kuu misimu kadhaa kabla ya kushuka. Bidco United ilizaliwa na kampuni ya mafuta ya kupikia yenye kiwanda mjini Thika, ikapanda hadi Ligi Kuu kwa msimu wa 2020/21. Hakuna ubaya kampuni kulea timu. Bila kampuni, taasisi za serikali na majeshi, soka ya Kenya ingekuwa na historia fupi sana. Lakini ufadhili ni mkataba, na mkataba una tarehe ya mwisho. Shabiki aliyeletwa uwanjani akiwa na miaka minne hana tarehe hiyo. Kwa sasa mtoto wa mtaa wa Makongeni, Thika, anaweza kukutajia washambuliaji wa Arsenal mmoja baada ya mwingine asijue jezi ya timu ya mjini kwake ni ya rangi gani. Arsenal hawakumteka kwa hila. Walimfikia kwanza, sebuleni, naye akiwa na umri wa kupenda chochote anachopenda baba.

Kwa wasichana hoja hii ina uzito wa pekee. Thika Queens imewahi kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Wanawake, na mwaka wa 2024 timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka 17 ilikuwa ya kwanza ya soka kutoka Kenya kucheza Kombe lolote la Dunia la FIFA, katika Jamhuri ya Dominika. Msichana wa miaka mitano hahitaji hotuba kuhusu usawa. Anahitaji kumwona mwanamke mzima akipiga mpira wa kichwa mbele ya watu wanaomshangilia, tena kwa karibu, asikie viatu vikigusana. Mechi hizo zipo, na mara nyingi nafasi za kukaa hazijai. Kisichokuwepo ni mpango wa kumfanya mama yake aone kwamba hapo ni mahali pa kwenda na mtoto.

“Uwanjani si mahali pa watoto”

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni usalama. Hakuna Mkenya mpenda soka aliyesahau Oktoba 2010, watu saba walipokufa katika mkanyagano wa uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Agosti 2025, wakati wa michuano ya Afrika ya CHAN, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lililazimika kupunguza tiketi za mechi ya Kenya uwanjani Kasarani hadi 27,000 baada ya watu kuvamia malango. Mzazi anayesoma habari hizo na kuamua kumwacha mtoto nyumbani hawezi kuitwa mwoga. Ila tuangalie kilichoua na kilichotisha. Ni umati mkubwa uliosukumwa kwenye malango machache, na tiketi au ulinzi usiolingana na idadi ya watu. Mechi ya daraja la chini Ruiru haina umati huo. Hatari zake ni ndogo na zina majina: mfereji usiofunikwa, waya uliochomoza, ngazi isiyo na kizuizi, lango linalotazamana na barabara ya bodaboda. Zote zinaonekana kwa macho kabla ya mechi, na nyingi zinamalizwa na fundi mmoja kwa siku chache. Anayetumia Nyayo kama sababu ya kutofanya lolote Ruiru anaogopa chui huku nyoka yuko mlangoni.

Pingamizi la pili ni lugha na ulevi. Refa akikosea, matusi yanayomwagika hayafai kusikiwa na mtu mzima, sembuse mtoto. Wapo wanaojibu kwamba watoto wakija mashabiki watajirekebisha. Jibu hilo si la haki, kwa kuwa linawafanya watoto askari wa maadili ya watu wazima. Njia ya wazi zaidi ni kutenga eneo la familia, upande mmoja wa uwanja, lenye lango lake, lisiloruhusu pombe wala sigara, na msimamizi mwenye mamlaka ya kumtoa mtu. Shabiki sugu abaki na upande wake na ngoma zake. Vilabu vinavyohofia kwamba watoto watakimbilia uwanjani mpira ukichezwa au kuingia bila kulipa vinapata jibu hapo hapo: eneo lililozungushiwa uzio hafifu linawazuia watoto, na mzazi aliyelipa kiingilio chake, akanunua njugu, mayai ya kuchemsha na soda kwa watu watatu, amemfaidi mchuuzi na klabu kuliko kijana aliyeruka ukuta.

Pingamizi la tatu hutolewa kwa tabasamu: mtoto wa miaka mitatu haelewi mpira, ya nini kumsumbua? Ni kweli haelewi sheria ya kuotea, na wapo watu wazima wengi wasioielewa. Lakini mtoto haendi sokoni kwa kuwa anaelewa bei, wala kanisani kwa kuwa anaelewa mahubiri. Anapelekwa ili ajue kwamba kuna mahali watu wa kwao hukusanyika, na kwamba yeye ni mmoja wao. Uelewa huja nyuma ya mazoea.

Kilima cha nyasi na maboksi

Wanaodhani kwamba uwanja unaofaa watoto ni anasa ya nchi tajiri wanaweza kutazama mfano wa mchezo ambao hapa hauna wafuasi wengi, besiboli. Katika mji mdogo wa Williamsport, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ndiko Carl Stotz alikoanzisha ligi ya watoto mwaka wa 1939, na katika mji jirani wa South Williamsport ndiko fainali zake za dunia huchezwa kila Agosti. Mwaka wa 2012 timu ya Lugazi kutoka Uganda ilikuwa ya kwanza ya Afrika kucheza huko, mwaka mmoja baada ya timu nyingine ya Uganda kufuzu na kunyimwa viza. Kuingia ni bure. Na sehemu inayopendwa kuliko zote katika uwanja mkuu, Lamade, ni kilima cha nyasi kilicho nyuma ya uwanja. Familia hutandika shuka juu yake, na watoto huteleza kukishuka wakiwa wamekalia vipande vya maboksi, mpira ukiendelea kule chini. Wengi wao hawatakumbuka nani alishinda. Watakumbuka kilima, na siku moja watarudi na watoto wao.

Somo la kilima hicho kwa Thika na Ruiru halihusu besiboli. Linahusu udongo, kitu ambacho kila mkandarasi huchimba na kulipwa ili akamwage mbali. Mwinuko wa nyasi hauchakai kama viti vya plastiki na hauhitaji rangi. Kivuli nacho hakihitaji paa la chuma. Miji hii miwili iko nyuzi moja tu kusini mwa ikweta, na viwanja vingi vya soka huelekezwa kaskazini na kusini ili makipa wasipofushwe na jua. Kwa hiyo kuanzia saa tisa alasiri jua linatoka upande mmoja wa urefu wa uwanja, wa magharibi. Safu ya miti upande huo, nyuma ya mahali pa kukaa, hutupa kivuli juu ya watazamaji saa ile ile ya mechi. Ni kazi ya miche na subira ya miaka michache, na eneo la familia linajulikana mapema liwekwe wapi.

> *Udongo ambao mkandarasi hulipwa akamwage mbali ndio huo huo unaoweza kuwa jukwaa la watoto.*

Hospitali kwanza, michezo baadaye?

Pingamizi la mwisho ni la pesa, na husemwa kwa uchungu wa kweli: kaunti ambayo wagonjwa wake wanakosa dawa haina haki ya kupanda nyasi. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama chaguo lingekuwa kati ya dawa na viwanja. Haliko hivyo. Pesa za viwanja tayari zinatumika, na swali ni zinunue nini kwanza. Desturi ni kuanza na ukuta, lango kubwa na jukwaa la wageni waheshimiwa, kwa kuwa hivyo vinapigwa picha siku ya uzinduzi. Choo, bomba la maji, kivuli na kona ya watoto huachwa kwa awamu ya pili, na awamu ya pili katika miradi ya umma ni kama kesho ya mdaiwa. Kinachoombwa hapa ni kugeuza mpangilio, bila kuongeza hata shilingi: kidogo kinachomfaa mdogo kitangulie, kikubwa kifuate.

Na sheria haina utata kuhusu nani anawajibika. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka vifaa vya michezo na burudani mikononi mwa kaunti. Katika kifungu hicho hicho kuna leseni za pombe na udhibiti wa kamari. Vifungu vichache mbele, kaunti hiyo hiyo imepewa shule za chekechea na vituo vya kulelea watoto. Kwa maneno mengine, ofisi inayomjua mtoto wa miaka minne kwa sababu yuko kwenye darasa lake la chekechea Jumatatu ndiyo inayomiliki uwanja ambao Jumapili hauna choo chake. Idara mbili zilizo chini ya gavana mmoja hazihitaji sheria mpya wala mfadhili kutoka nje ili kuketi meza moja. Walimu wa chekechea wangeweza kuwaeleza wahandisi wa viwanja urefu wa sinki na uzito wa mlango kabla ya tenda kutangazwa.

Wazazi nao wana mlango wa kuingilia. Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hufika katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kabla hayajapitishwa sheria inataka umma ushirikishwe. Vikao hivyo hujaa maombi ya barabara na taa, na ni sawa. Lakini uwanja ukitajwa, kwa kawaida anayesimama kuutaja ni kocha au mwenyekiti wa klabu, na ombi lake ni nyasi na viti. Mama mwenye leso hayupo, kwa kuwa kikao kimewekwa siku ya kazi, au kwa kuwa hajawahi kuhisi kwamba uwanja ule unamhusu. Akifika, hana haja ya kutoa hotuba wala kuomba mabilioni. Aulize tu, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao: Jumapili saa tisa na nusu, ufunguo wa choo cha uwanja huwa kwa nani?